Paji la Mklingoni na Sindano ya Liyongo

Waklingoni, taifa la kubuni kutoka sayari nyingine, walipoonekana kwa mara ya kwanza katika tamthilia ya Kimarekani ya Star Trek, mwaka 1967, walikuwa watu wa ngozi iliyopakwa rangi, nyusi zilizochongwa, na paji la uso laini kama la jirani yako. Mwaka 1979 ikatoka filamu ya kwanza ya Star Trek, na Waklingoni wakaja na mifupa iliyotuna kuanzia puani hadi utosini. Sababu haikuwa siri: filamu ilikuwa na fedha za kuwalipa mafundi wa sura za bandia, na televisheni ya miaka ya 1960 haikuwa nazo. Mtazamaji wa kawaida angeridhika na jibu hilo. Mashabiki wa bunilizi za kisayansi hawakuridhika. Kama hawa ni watu walewale, waliuliza, mifupa imetoka wapi? Mambo yakazidi kukorogeka mwaka 1994, waigizaji watatu wa zamani waliporudi katika Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek, kuwaigiza Kor, Koloth na Kang, wahusika walewale wa miaka ya 1960, safari hii wakiwa na mapaji yenye matuta.

Waandishi walijibu mara mbili. Mwaka 1996 walimrudisha Worf, Mklingoni mwenye matuta, katika zama za Waklingoni wa mapaji laini. Wenzake walipomgeukia wakitaka maelezo, aliwajibu kwa mkato kwamba hilo ni jambo ambalo watu wake hawalizungumzi mbele ya wageni. Watazamaji walicheka, na shauri lingeweza kufungwa pale. Lakini mwaka 2005 tamthilia ya Enterprise ilitenga sehemu mbili nzima kueleza kwamba kulikuwa na kirusi, na majaribio ya kubadili chembe za urithi, na ndiyo maana mapaji yakalainika.

Mabishano ya aina hii yana kesi mbili zilizofungwa katika jalada moja. Kesi ya kwanza ni ya taarifa: mwaka gani, wangapi, sura ipi. Ya pili ni ya utu: mhusika aliyeumia jana, je, leo bado ana kidonda? Ya kwanza ndiyo hupigiwa kelele zaidi, lakini hadithi husimama au huanguka kwa ya pili. Ili kuliona hilo vizuri nitaiweka Star Trek, pamoja na tamthilia ya Battlestar Galactica iliyozaliwa ubavuni mwake, mkabala na hadithi ya Fumo Liyongo wa pwani yetu, ambayo kwa vizazi vingi imeishi na masimulizi yanayopingana bila kutikisika.

Tabia ya kuishitaki hadithi kwa kujipinga haikuanza na vyombo vya angani. Ilikuwapo Uingereza kwa wasomaji wa Sherlock Holmes. Arthur Conan Doyle alikuwa akiandika visa vyake kwa ajili ya jarida, kwa haraka, na hakuhangaika kurudi nyuma kusoma alichokwisha kukiandika. Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1887, Daktari Watson alipigwa risasi ya bega huko Afghanistan. Kufikia kitabu cha pili, cha mwaka 1890, jeraha limehamia mguuni. Katika kisa kimoja cha mwaka 1891 mkewe anamwita James, ilhali yeye ni John. Mwaka 1911 Ronald Knox aliandika makala akivichambua visa hivyo kwa mbinu zilezile ambazo wanazuoni wa Ulaya walizitumia kuichambua Biblia. Alikuwa akifanya mzaha, lakini kwa uso mkavu, na mzaha huo ukageuka desturi. Baadaye mwandishi Dorothy Sayers akamtafutia Watson utetezi wa lile jina la James: herufi H katika John H. Watson ni Hamish, ambalo ni James kwa Waskoti.

Katika mchezo ule, Knox na Sayers walijua kwamba kosa ni la mwandishi, lakini walikubaliana kutomtaja. Walijifanya kwamba Watson aliishi kweli, hivyo kila mgongano lazima uwe na maelezo ndani ya maisha yake. Kanuni hiyo ndiyo waliyoirithi mashabiki wa Star Trek. Kusema kwamba fedha za vipodozi zilipungua ni kutoka nje ya mchezo. Na ukiutazama mguu wa Watson kwa makini, utaona kwamba hakuna aliyeacha kumpenda kwa sababu yake. Jeraha limehama, lakini ukarimu wake na ile subira ya kuvumilia kiburi cha Holmes havikuhama. Kesi ya taarifa ilifunguliwa kwa furaha kwa sababu kesi ya utu haikuwa na mlalamikaji.

Sasa tumtazame mhusika anayetuhusu kidogo. Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipewa jina lililotokana na neno letu uhuru, na katika Star Trek Kiswahili ni lugha yake. Katika kipindi kimoja kilichorushwa tarehe 29 Septemba 1967, mashine inayosafiri angani inamsikia akiimba, haielewi wimbo ni kitu gani, na inaifuta akili yake yote. Daktari na muuguzi wanaanza kumfundisha upya kusoma, kwa vitabu vya mtoto wa darasa la kwanza. Anapokwama anatoka katika Kiingereza na kuangukia Kiswahili, kana kwamba hicho kilikaa mahali ambapo mashine haikufika. Ni tukio fupi, na kama lingeachwa likue lingeweza kuwa kubwa kuliko kipindi chenyewe. Mwanamke amepoteza miaka yote ya elimu, kazi na kumbukumbu za aliowapenda. Lakini tarehe 6 Oktoba, wiki moja baadaye, Uhura yuko kazini akiwa ofisa kamili, anafanya ujasusi katika ulimwengu wa kioo na kumzuga adui kwa ustadi. Yaliyompata hayatajwi tena.

Chanzo cha usahaulifu huo ni biashara. Televisheni ya Marekani wakati ule ilitengeneza vipindi ili baadaye viuzwe kwa vituo vidogo na kurushwa kwa mpangilio wowote, hivyo kila kipindi kilitakiwa kiishie pale kilipoanzia. Star Trek yenyewe ilisimamishwa mwaka 1969 baada ya vipindi 79, na ikapata umaarufu wake mkubwa miaka ya 1970 kupitia marudio hayohayo. Lakini sababu ya biashara haimponyi Uhura. Mashabiki walioulizia akili yake walikuwa wakiuliza swali zito kuliko la paji la Mklingoni. Walitaka kujua kama mateso ya mtu yana uzito wowote katika ulimwengu huu.

Linganisha na jina lake la kwanza. Nyota lilichapishwa katika kitabu mwaka 1982, wapenzi wa tamthilia wakalikubali, lakini kwa desturi ya Star Trek yaliyomo vitabuni hayahesabiwi rasmi mpaka yasikike kwenye skrini. Nyota alisubiri hadi filamu ya mwaka 2009. Miaka 27 jina hilo halikuwa rasmi, na mwenyewe hakupungukiwa na kitu. Mwaka 2022 tamthilia ya Strange New Worlds ikaja na Uhura kijana kutoka Kenya, aliyepoteza wazazi na kaka yake katika ajali ya chombo cha usafiri, na ambaye bado hajui kama anataka kubaki katika kazi hii au alikuwa anaukimbia msiba. Taarifa hizo hazikuwapo mwaka 1966. Yupo anayesema ni nyongeza za kubandika. Mimi naziona kama deni lililolipwa kwa kuchelewa: hatimaye Uhura amepewa jeraha ambalo halifutiki kipindi kikiisha.

Vita kati ya kesi hizi mbili ilipamba moto katika miaka ya 1990. Chombo cha Voyager, katika tamthilia ya jina hilohilo iliyoanza mwaka 1995, kimetupwa upande wa mbali wa galaksi, safari ya kurudi nyumbani ikikadiriwa kuchukua miaka 75. Mapema katika msimu wa kwanza tunaambiwa kimebaki na makombora 38 na hakuna njia ya kupata mengine. Mashabiki wakakaa na daftari wakihesabu kila kombora linalofyatuliwa. Hesabu ikapita 38, na makombora yakaendelea kuruka. Njia ya mwongo ni fupi, na daftari lile lilikuwa ushahidi. Hata hivyo kilichowauma watazamaji zaidi kilitokea mwaka 1997, katika kisa cha sehemu mbili kiitwacho Year of Hell. Chombo kinavunjwavunjwa, ofisa Tuvok anapofuka, Nahodha Janeway anaungua uso, mabaharia wanatawanyika. Mwisho wake, wakati unarudishwa nyuma na mambo yote yanakuwa kana kwamba hayakutokea. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Pale yalizoleka yote, hadi tone la mwisho, na wahusika hawakujua hata kwamba yalimwagika.

Ronald D. Moore, aliyekuwa ameandikia Star Trek kwa miaka mingi na kupita Voyager kwa muda mfupi mwaka 1999, aliondoka akiwa na malalamiko hayohayo. Alipopewa Battlestar Galactica kuifufua, alikijibu kila kipengele cha Voyager. Hapa pia kuna chombo kilichopotea, adui nyuma yake na nyumba iliyo mbali, ila idadi ya binadamu waliobaki hai huandikwa mwanzoni mwa kipindi, na hupungua. Katika kipindi cha kwanza cha mfululizo huo, mwaka 2004, Rais Roslin ana ubao ambao hesabu hiyo huandikwa kwa mkono. Baada ya siku kadhaa bila usingizi na vifo vingi, anaambiwa mtoto wa kiume amezaliwa. Anakwenda ubaoni, anafuta tarakimu na kuongeza mmoja. Namba iliyokuwa kazi ya mashabiki wenye daftari imeingizwa ndani ya hadithi na kuwa machozi ya mhusika. Taarifa na utu vimekutana.

Kisha tamthilia hiyohiyo ikaonyesha kwamba taarifa inaweza kuvunjwa kabisa na utu ukabaki mzima. Kanali Saul Tigh, mzee mlevi, rafiki wa miaka mingi wa Adama, kamanda wa chombo, anang'olewa jicho na adui wakati wa kukaliwa kwa sayari ya New Caprica, na mwaka 2006 anamuua mkewe mpenzi kwa sumu kwa kuwa alimsaidia adui. Mwaka 2007 tunaambiwa Tigh mwenyewe ni Msailoni, yaani ni mmoja wa adui hao. Ukienda kwa miaka na tarehe, jambo hilo linaleta maswali mengi, na mashabiki waliyauliza yote. Lakini Tigh anapoupata ukweli huo anaamua kwamba yeye ni ofisa wa kikosi kile, na kama atakufa leo atakufa akiwa hivyo, kisha anakwenda zamu yake. Asili yake imegeuka, ukaidi wake uko palepale. Wengi waliokataa hesabu walimkubali mtu.

Kesi ngumu kuliko zote inaturudisha Star Trek, nayo ni ya Nahodha Picard, kwa sababu hapo pande zote mbili zina hoja. Mwaka 1990 Picard anatekwa na Waborg, maadui walio nusu watu nusu mashine, anageuzwa mashine na kutumiwa kuwaangamiza wenzake. Siku hizo kipindi kilichofuata kingesahau. Badala yake, tarehe 1 Oktoba 1990 kikaja kipindi ambacho hakina hata vita. Picard anarudi kijijini kwao Ufaransa, anagombana na kaka yake Robert, wanapigana katika matope ya shamba la mizabibu, wanacheka, halafu Picard analia kama mtoto, akisema alipaswa kuwa na nguvu za kuwazuia. Mwaka 1992 anapata nafasi ya kumtumia kijana wa Kiborg kama silaha ya kuwaua wote, naye anakataa. Mwaka 1993 tunakutana na Benjamin Sisko, aliyempoteza mkewe katika vita vile, na anamtazama Picard kwa chuki isiyofichika. Halafu mwaka 1996, katika filamu ya First Contact, Picard amejaa hasira kiasi cha kuvunja kabati la vioo la mifano ya vyombo vya angani, mbele ya mwanamke anayemwambia kwamba amekuwa kama nahodha wa hadithi aliyewapoteza mabaharia wake akimwinda nyangumi mmoja.

Upande mmoja husema huyu si Picard. Yule aliyemsamehe kijana wa Kiborg hawezi kurudi huku. Upande mwingine hujibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kupona kwa mwaka 1992 hakumkingi mtu asitoneshwe mwaka 1996. Hukumu yangu inaegemea upande wa pili, kwa sharti. Kosa la filamu halimo katika hasira ya Picard. Limo katika kutomtaja kabisa yule kijana aliyemwachia. Sentensi moja ingetosha kutuonyesha kwamba hata yeye anashangaa alivyobadilika. Kumkumbusha mhusika yaliyompata ndiko kunakomruhusu mwandishi kumbadilisha.

Tuje sasa kwa Liyongo. Edward Steere alichapisha simulizi lake mwaka 1870, na huko mandhari ni Shanga. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913, na humo mpinzani ni Sultani wa Pate. Kaburi la Liyongo huonyeshwa Kipini, kwenye mdomo wa Mto Tana. Wako wataalamu wanaomweka karne ya 12, na wako wanaomsogeza hadi karne ya 16 au 17. Tofauti hizo ni kubwa kuliko paji lolote la Mklingoni; ni mamia ya miaka. Hata hivyo masimulizi yanaendelea bega kwa bega, na msimulizi wa Lamu hahitaji kubuni kirusi cha kuyapatanisha na ya Kipini.

Angalia basi yasiyoguswa. Sultani anamwogopa Liyongo. Liyongo anafungwa gerezani, mama yake anaoka mikate, ule wa pumba unafichwa tupa ndani yake, walinzi wanaila mizuri na kumwachia mfungwa mbovu. Anaomba ngoma ya gungu ipigwe ili kishindo chake kifunike sauti ya tupa ikikata chuma. Hatimaye mwanawe mwenyewe anatumwa kumwuliza nini kinachoweza kumuua, na katika utenzi Liyongo anatambua kwamba mtoto amedanganywa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mwana anamchoma baba yake amelala. Liyongo anainuka na upinde wake, anapiga goti kisimani, mshale ukiwa tayari, na anakata roho katika hali hiyo. Watu wa mji hawathubutu kuchota maji wakidhani yu hai, mpaka mama anakwenda kumbembeleza. Juu ya kilichompata mwana baadaye wasimulizi hutofautiana, lakini hakuna anayemwacha akafaidi alichoahidiwa.

Karibu yote yasiyoguswa ni mambo ya utu: hila ya mama, ukarimu wa baba hata mbele ya kifo, usaliti wa aliye nguoni mwako, hofu inayomzunguka shujaa hata akiwa maiti. Yanayoachwa huru ni mji, karne na jina la sultani. Wahenga wa pwani walikwisha kuzitenganisha kesi mbili ambazo mashabiki wa Star Trek wanazichanganya.

Tofauti ya kwanza inatokana na umiliki. Star Trek ni mali ya kampuni, na penye mwenye mali hapakosi hati: hiki ni rasmi, hiki si rasmi. Shabiki hana uwezo wa kuisimulia hadithi upya na kuhesabiwa, hivyo uwezo anaobakiwa nao ni wa kuikagua. Liyongo hana mwenyewe. Asiyeridhika na simulizi la Shanga hutunga la Pate, na wasikilizaji ndio huamua lipi lidumu. Ukaguzi kule unafanya kazi ambayo huku hufanywa na utunzi.

Tofauti ya pili inawapa mashabiki wale ushindi, na haifai tuinyamazie. Mapokeo yetu yanamkumbuka mwana wa Liyongo kwa tendo lake, lakini ni nadra kuingia moyoni mwake. Alitembea safari ile akiwaza nini? Baada ya kuambiwa siri na baba aliyejua kila kitu, mkono wake ulitulia namna gani? Mabishano marefu juu ya Picard yameonyesha faida ya kuuliza maswali hayo bila kuchoka, miaka na miaka, kwa ushahidi wa tukio baada ya tukio. Huo ni uhakiki wa fasihi hata kama unafanywa na watu waliovaa masikio ya bandia. Liyongo amechambuliwa sana kwa nasaba na tarehe zake. Mwanawe bado anamsubiri mtunzi.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Jibu la Worf lilikuwa bora kuliko kirusi cha mwaka 2005, kwa sababu lilimwongezea Mklingoni haya na fahari, wakati kirusi kilimwongezea maelezo tu. Kusahauliwa kwa akili ya Uhura ni kosa kubwa kuliko makombora yote ya Voyager. Nanyi mnaoandika tamthilia za Kiswahili za mfululizo, ambazo watazamaji wake wana kumbukumbu kali kuliko mnavyodhani, wekeni madaftari mawili mezani. La tarehe na majina mkabidhini msaidizi. La vidonda lishikeni wenyewe, na kabla ya kuandika kipindi kipya lisomeni kuanzia ukurasa wa kwanza.